Dirisha la Matatu

Msikilizaji, unazikumbuka matatu zetu za mwaka 2020? Gari la abiria 14 liliamriwa kubeba 8, nauli ikapanda, na ubishi ukaanzia steji. Makanga alisimama mlangoni na chupa ya sanitaiza, akikumiminia viganjani kabla hujakanyaga ngazi. Mikono ilisafishwa kweli kweli. Kisha mlango unafungwa, mvua inaanza kunyesha, na abiria wote wanavuta vioo.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Virusi vya korona husambaa hasa kwa pumzi. Mtu akizungumza, akiimba au akikohoa, hutoa chembechembe ndogo mno zinazoelea hewani na kujikusanya mahali palipofungwa, kama moshi wa jiko la mkaa chumbani. Kushika vyuma na viti kulibainika kuchangia kidogo tu.

Kwa hiyo kila abiria aliyegombana na wenzake akitaka kioo kifunguliwe alikuwa na haki, na inaniuma kwamba wengi walimwona msumbufu. Barakoa nayo ilipaswa kufunika pua. Ikining'inia kidevuni haimkingi yeyote. Kunawa mikono tusiache hata kidogo, maana kunatuepusha na kuhara na kipindupindu.

Leo ukiwa na mafua au kikohozi na safari haiahirishiki, vaa barakoa, kaa karibu na dirisha na ulifungue, hata kama ni kidogo. Jirani akilalamikia baridi, mweleze kwa upole sababu yake.