Weupe wa Karatasi

Mwaka 1796 kijana wa miaka ipatayo 21, mtoto wa kinyozi wa Covent Garden, London, alipeleka picha ya rangi za maji kwenye maonyesho ya Royal Academy, taasisi ya sanaa ya jiji hilo. Ilionyesha kikanisa cha Islip ndani ya Westminster Abbey. Kijana huyo ni J. M. W. Turner.

Alichagua kazi ngumu kweli. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kuongeza mwanga mwishoni kwa rangi nyeupe. Kwenye rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe. Mwanga unaopenya dirishani na kuangukia nguzo huachwa tangu siku ya kwanza, kisha giza hujengwa kuuzunguka, tabaka kwa tabaka, kila moja likisubiri la chini yake likauke. Mwenye pupa hubaki na tope mahali palipotakiwa jiwe.

Halafu waje watu. Mtu mdogo kuliko ukucha, akisimamishwa chini ya tao, ndiye kipimo cha jengo zima. Bila yeye mtazamaji hajui kama nguzo ina mita tatu au thelathini. Ila awekwe kwa hesabu. Mchoraji akiwa amesimama, vichwa vya watu wazima waliosimama sakafu moja naye, wa karibu na wa mbali, hufuatana kwenye usawa wa macho yake, na tofauti huonekana miguuni. Akikosea hapo, waumini wataelea.

Hayo hufundishwa. Turner aliingia shule ya Royal Academy mwaka 1789, akiwa na miaka 14, na akajifunza pia kwa Thomas Malton, bingwa wa kuchora majengo kwa vipimo. Jina la Malton linastahili kutajwa kwa sauti leo kwenye mahafali haya ya wahitimu wa sanaa, walimu wakiwa wamekaa hapa mbele.

Kwenye jiwe la kaburi, sakafuni mwa picha ile ya 1796, Turner aliandika kwa Kilatini jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa, 1775. Mwaka 1807 Royal Academy ilimchagua kuwa profesa wa kanuni hizohizo za umbali na vipimo. Alianza kufundisha 1811, akiwachorea wanafunzi michoro mikubwa ya mfano kwa mkono wake mwenyewe.