Aibu ya Chooni Isitufunge Mdomo

Ndugu wasikilizaji, mada yangu ya leo haizungumzwi mezani, hivyo mlio na sahani mbele yenu niwieni radhi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Na kukosa choo ni katika maradhi tunayoyaficha sana.

Nina mwenzangu kazini ambaye kwa miaka mingi hakukosa chumvi ya haluli mkobani. Kwake haja kubwa ilikuwa kazi ya saa nzima, jasho likimtoka, na bado huondoka hajamaliza. Sisi tulimtania. Siku aliponieleza, nilikionea haya kicheko changu.

Si kila choo kigumu huletwa na uhaba wa maji na matunda. Kwa kawaida mtu akisukuma, tumbo hukaza na misuli ya njia ya haja kubwa hulegea. Wapo ambao misuli hiyo, badala ya kulegea, hubana. Ni sawa na kusukuma mlango huku umeukomea mwenyewe. Dawa ya kulainisha choo haiufundishi msuli kulegea.

Tiba yake ni mafunzo, nayo huitwa bayofidibaki. Kifaa chembamba huwekwa kwenye njia ya haja, na mgonjwa huona kwenye skrini misuli yake inavyobana na kulegea. Hapo hujisahihisha: hujifunza kupumua kwa tumbo, kusukuma bila papara, hata kutoa kipira kidogo kama zoezi. Hapana kisu.

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Italia kwa wagonjwa 109 wa aina hii. Wengine walifunzwa mara moja kwa wiki, kwa wiki 5. Wengine walipewa dawa ya kulainisha. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu kubwa walikuwa 43 kati ya 54 waliofunzwa, na 12 tu kati ya 55 waliotumia dawa.

Kifaa hicho hakipo kila hospitali, lakini ulimi kila mtu anao. Mweleze daktari waziwazi. Na ukiona damu chooni, au ukikonda bila sababu, usingoje.

Mwenzangu ameshakwenda kwa daktari. Mimi nimeacha utani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.