Mizigo ya Kifaru

(Mazungumzo mbele ya klabu ya ufundi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ninayoifanya jioni tangu nilipostaafu, yaani kuunda vifaru vya plastiki, na hasa jinsi ya kuvitia mizigo ya nje ili vifanane na vifaru vya kweli. Najua wapo kati yenu wanaojiuliza mtu mzima anatafuta nini katika vichezeo vya vita. Swali hilo ni la haki, na nitalijibu kwa kazi yenyewe.

Mfano wangu wa leo ni Sherman, kifaru cha Wamarekani katika Vita Kuu ya Pili. Kati ya 1942 na 1945 viliundwa karibu 50,000. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 30 hivi na watu watano: kamanda, mlenga mzinga, mpakiaji, dereva na msaidizi wake. Katika vile vya mwanzo vyenye mzinga wa milimita 75, ndani yake zilipangwa risasi 97 za mzinga huo. Wapangeni watu watano humo pamoja na risasi hizo, kisha mniambie blanketi litakaa wapi. Litakaa nje. Basi mzigo wa kifaru si pambo. Ni matandiko, chakula na maji ya watu watano ambao kwa miezi mingi hawakuwa na nyumba nyingine.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usibandike kitu mpaka uweze kusema nani alikiweka pale, na kwa nini. Maboksi ya siku hizi huja na madumu, mabegi, helmeti na masanduku tele, na kijana hutamani kuvitumia vyote. Matokeo yake ni meza ya mnadani yenye mzinga. Anza na matandiko matano, kwa sababu watu ni watano. Weka turubai moja kubwa ambalo wote hulala chini yake. Ongeza maji, chakula na visanduku vya risasi za bunduki ya juu. Kisha simama, utazame.

Kanuni ya pili: kifaru kiweze kufanya kazi. Zungusha mnara wa mzinga duara zima. Mzigo ukigongwa na mzinga, uondoe. Fungua vifuniko vya dereva na msaidizi wake; kama furushi limeviziba, umewafungia watu wawili ndani ya moto. Tazama pia mahali injini inapovutia hewa, nyuma ya mnara. Askari hakuziba pua ya injini yake, nawe usiizibe.

Kanuni ya tatu ni vipimo. Wengi wetu tunaunda kwa kipimo cha 1:35, na namba hiyo ina kisa chake. Mwaka 1961 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota. Ukubwa wake ulichaguliwa ili betri zienee ndani. Baadaye walipopima, wakaona ni sehemu moja ya 35. Basi chukueni rula. Mtu wa sentimita 175 anakuwa sentimita 5. Dumu la lita 20, lenye kimo cha sentimita 47 hivi, linakuwa milimita 13. Shoka lenye mpini wa sentimita 90 linakuwa milimita 26. Kitu kikikosewa kipimo, jicho hukigundua kabla akili haijajua kosa liko wapi.

Kanuni ya nne ni uzito, na hapa ndipo wengi hushindwa. Plastiki haina uzito, lakini blanketi lililolowa mvua linao. Chukua puti ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili, uitandaze nyembamba kama chapati juu ya kioo chenye unga wa poda, uikunje kama mkeka, kisha uiweke juu ya kifaru ikiwa bado laini ili ilale kwa umbo la chuma kilicho chini yake. Mikanda ikate kutoka karatasi nyembamba. Palipo na mkanda, bonyeza kwa kijiti cha meno, nguo ibonyee na ifutuke pande zote mbili. Kwa turubai, karatasi laini iliyochovywa katika gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji inafaa sana. Kwa kamba tumia uzi wa kushonea, uupitishe kwenye nta ili manyoya yake yalale. Na kamba ifungwe mahali fulani! Nimeona mizigo mingi ambayo ingeanguka kwenye shimo la kwanza la barabara.

Rangi nazo zisilingane. Turubai la zamani limepauka. Dumu lililoletwa jana bado ni jipya. Vumbi liwe zito chini, na rangi ichubuke pale tu mguu wa mtu hukanyaga anapopanda.

Kanuni ya tano: ujue mahali na tarehe. Kifaru cha Normandi mwezi Julai 1944 huenda kikawa na meno ya chuma mbele, ya kupasulia maboma ya udongo na miti yaliyozunguka mashamba. Sajini Curtis Culin alikuwa miongoni mwa waliobuni meno hayo, na chuma chake kilitokana na vizuizi ambavyo Wajerumani walivisimika pwani. Mwanzoni mwa 1945 utaona vingine vimefunikwa kwa mifuko ya mchanga, kwa kuogopa roketi za begani. Lakini tazama ni jeshi gani. Jenerali Patton aliikataa mifuko hiyo katika Jeshi lake la Tatu, kwa kuwa iliongeza uzito na wataalamu wake hawakuona faida yake. Badala yake mafundi wake walikata mabamba kutoka vifaru vilivyoharibika, wakayachomelea kwenye vizima. Ukimwekea Patton mifuko ya mchanga kila upande, umesema uongo kwa mikono yako.

Sasa nalijibu lile swali. Mizinga ya vifaru hivyo ilifanana, maana ilitoka kiwandani. Lakini hakuna viwili vilivyofungwa mizigo sawasawa. Mzinga haunielezi lolote juu ya dereva. Blanketi lake linanieleza kwamba alisikia baridi, alichoka, na alitarajia kulala usiku ule. Wengi hawakulala. Ninapofunga furushi lile dogo, silichezei kifo chao. Nakumbuka kwamba ndani ya chuma kulikuwa na watu.

Vijana, mna bahati ambayo sisi waundaji wa Sherman tunaikosa. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 bado vina mashahidi wazima, na baadhi yao ni babu zenu. Siku mtakapotaka kuunda gari au kifaru cha vita vile, msianze na boksi la dukani. Anzeni na mzee. Mpelekeeni daftari, mmuulize: mlilala wapi? Maji mliyabeba katika nini? Sufuria ilifungwa upande gani? Mambo ya majenerali yamekwisha kuandikwa vitabuni, lakini mahali ilipofungwa sufuria panajulikana na yeye peke yake, naye umri umekwenda. Muulizeni likizo hii.