Kwanza Matumizi, Ndipo Kamera

Katika semina hii tumeombwa tuzungumze juu ya ununuzi wa kamera. Huenda baadhi yenu mkajiuliza: jambo hili la wapiga picha linawahusu nini viongozi wa walei? Jibu letu ni kwamba fedha inayonunua kamera ya kikundi ni ya watu wengi. Imo humo shilingi ya mama auzaye mboga, na ya kijana abebaye matofali. Kuitumia fedha hiyo bila ujuzi ni kuwakosea waliotoa. Naye muuzaji atajaye tarakimu kubwa humshinda kwa urahisi mnunuzi asiyejua tarakimu hizo zinahesabu kitu gani. Basi yatupasa tujifunze kuhesabu.

Picha ya kidijitali ni mfano wa shamba la nukta zilizopangwa kwa safu, kama mahindi. Kila nukta huitwa pikseli. Ukizidisha nukta za upana kwa nukta za urefu, wapata jumla yake. Na nukta milioni moja ndizo ziitwazo megapikseli moja. Kwa hiyo swali la kwanza si "Kamera hii ina ngapi?" bali ni "Kazi yetu yahitaji ngapi?" Tuzitazame kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni picha za tovuti na za simu. Hapa upana wa nukta 1600 watosha kwa mahitaji mengi, na picha ya kawaida ya ulalo yenye upana huo haifikii hata milioni mbili. Kuweka picha kubwa kupita hapo ni kumchelewesha msomaji na kumlia bando lake bure.

Kazi ya pili ni video. Ile iitwayo Full HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani kama milioni mbili. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi kidogo ya milioni nane: mara nne kamili. Faida yake ipo, kwa kuwa mhariri aweza kukata sehemu ya picha bila kuiharibu. Lakini hudai kadi kubwa zaidi, kompyuta yenye nguvu na mahali pengi pa kuhifadhi. Kwa nyimbo za kwaya au mafundisho yatakayotazamwa katika simu, Full HD yatosha. Tena tukumbuke kwamba umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Tukirekodi chini ya taa za mirija, tuchague picha 25 kwa sekunde na mwendo wa 1/50, ili mwanga usimemeteke.

Kazi ya tatu ni uchapaji, nao ndio unaodai zaidi. Kwa kitu kinachosomwa mkononi, mchapaji hutaka nukta 300 kwa kila inchi, yaani kwa kila sentimita 2.54. Picha ya sentimita 10 kwa 15 yahitaji basi milioni mbili tu. Ukurasa mzima wa A4 wahitaji nukta 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni tisa. Na kalenda ya ukutani je? Hiyo hutazamwa kwa mbali, hivyo nukta 150 kwa inchi zaweza kutosha. Karatasi ya A2, iliyo kubwa mara nne kuliko A4, itahitaji nukta zile zile 2480 kwa 3508. Kumbe kamera ya megapikseli 12 yaweza kuzifanya kazi hizi zote tatu!

Wala tusidhani kwamba wingi wa nukta ndio unaoipa picha nguvu. Mwezi Oktoba 1984 Mkenya Mohamed Amin alirekodi njaa ya Ethiopia kule Korem, na ripoti yake pamoja na Michael Buerk ikatangazwa na BBC. Televisheni ya Uingereza wakati huo ilikuwa na mistari 625, na 576 tu ndiyo iliyobeba picha. Simu nyingi za leo hurekodi kwa usafi kupita huo. Hata hivyo ripoti ile iliugusa ulimwengu. Tena, kamera Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye megapikseli 2.7, ilitumiwa na wapiga picha wa magazeti.

Basi, fedha iliyobaki iende wapi? Kwanza, kwenye lenzi na kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kibamba kikubwa hupokea mwanga mwingi zaidi, nao ndio unaookoa picha ndani ya ukumbi wenye giza. Simu nyingi zilizoandikwa 48 huunganisha nukta nne kuwa moja na kutoa picha ya milioni 12. Pili, kwenye sauti: watu huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini hotuba isiyosikika huiacha. Kwa hiyo kamera ya video iwe na tundu la maikrofoni. Tatu, kwenye stendi ya miguu mitatu, betri ya akiba, na mahali pawili pa kuhifadhia kazi.

Kamera iliyokwisha kutumika si aibu, mradi ichunguzwe. Mulika lenzi kwa tochi uone kama ina kuvu ndani. Uliza kama betri zake zingali zinapatikana. Piga picha kadhaa, uzitazame katika kompyuta kabla ya kulipa.

Jambo la mwisho ni utunzaji. Kuvuta picha kwa vidole wakati wa kupiga mara nyingi ni kuikata tu: ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, milioni 12 zimekuwa tatu. Vivyo hivyo, picha itumwayo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Itumwe kama hati. Picha ya mpaka wa shamba au ya kisima kilichobomolewa huenda siku moja ikahitajika mbele ya baraza. Hivyo nakala ya asili, pamoja na tarehe yake, isiguswe wala isifutwe.

Ndugu wapendwa, kabla kikundi hakijatoa fedha, kikae na kuandika majibu ya maswali haya: Picha zetu zitatumika wapi? Kubwa kabisa itakuwa ya kipimo gani? Nani atazitunza? Je, simu tulizo nazo haziwezi kuifanya kazi hiyo? Mara nyingine jibu la swali la mwisho litatuokolea gharama yote, nayo maikrofoni itanunuliwa badala ya kamera. Mtu hujikuna ajipatapo. Na kikundi vivyo hivyo.