MOTOKAA YA KAZI NA KODI YA MAPATO



Kila mwaka, wakati wa kuandika hesabu za kodi ufikapo, watu wengi wenye motokaa au pikipiki huuliza neno moja: "Chombo hiki ni changu, petroli nainunua kwa fedha zangu, tena chanipeleka kazini. Je, gharama hii haiwezi kuondolewa katika mapato kabla ya kutozwa kodi?" Swali hili ni la haki, na jibu lake lina pande mbili. Mwenye kulifahamu hatalipa zaidi ya impasavyo, wala hataitwa kujibu madai asiyoweza kuyathibitisha.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1974, yaeleza katika kifungu cha 15 kwamba gharama iondolewayo ni ile iliyotumika yote, na kwa kazi hiyo peke yake, katika kuyapata mapato. Kifungu cha 16 chakataza gharama za mtu kujitunza mwenyewe, jamaa yake na nyumba yake. Basi, safari ya kutoka nyumbani iko upande upi?

Maneno ya sheria hiyo yafanana na yale ya sheria ya Uingereza, na mahakama za huko zimeyapima mara nyingi. Hukumu zao hazizifungi mahakama za Kenya, lakini zatoa mwanga. Mwaka 1952 Mahakama ya Rufani huko London ilisikia shauri la wakili aliyekuwa na ofisi mjini na nyumba yake mbali, katika kijiji cha Whipsnade. Nyumbani alikuwa na vitabu vya sheria, na jioni alifanya kazi huko. Akadai aondolewe gharama za kwenda ofisini na kurudi. Waamuzi, na mmoja wao alikuwa Bwana Denning, walimkatalia. Walisema alikaa Whipsnade kwa sababu ndiko alikotaka makao yake yawe, wala si kwa sababu kazi yake ilimlazimisha kukaa huko.

Mwaka 1971 mahakama hiyo hiyo ilisikia shauri la mwashi wa matofali wa mji wa Eastleigh, kusini mwa Uingereza. Yeye alikwenda kwa motokaa yake kujenga mahali mbalimbali, majuma machache hapa na majuma machache pale. Hakuwa na ofisi ila nyumba yake. Humo aliweka zana na vitabu vya hesabu, na humo alipatana na mwenye kumpa kazi. Waamuzi walikubali gharama zake, kwa kuwa kazi yake ilianzia nyumbani.

Kwa hiyo ofisa wa kodi haulizi njia ni ndefu kiasi gani. Huuliza kazi yaanzia wapi. Mwenye duka akaaye Thika na duka lake liko Nairobi, safari yake ya asubuhi ni ya nafsi yake. Lakini atokapo dukani kwenda kuchukua bidhaa au kuwapelekea wanunuzi, safari hiyo ni ya biashara.

Motokaa moja hutumika pande zote mbili, na hapo hesabu haina budi kugawanywa. Fikirini juu ya fundi wa mabomba aliyeendesha kilometa 20,000 kwa mwaka, na 12,000 kati ya hizo zilikuwa za kazi. Hizo ni asilimia 60. Ikiwa petroli, bima na matengenezo vilimgharimu shilingi 300,000, basi shilingi 180,000 zaweza kuondolewa katika faida yake. Wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba fedha hizo zote hurudishwa mkononi. Sivyo. Ikiwa sehemu hiyo ya faida ingetozwa asilimia 30, kodi itapungua kwa shilingi 54,000. Hata hivyo, hizo si haba kwa mtu mwenye watoto shuleni.

Mfanyakazi wa mshahara ana njia nyingine. Mwajiri akimrudishia gharama za safari za kazi kwa kadiri ya kilometa alizokwenda, akifuata viwango vya chama cha wenye motokaa, yaani AA ya Kenya, fedha hizo hazihesabiwi kuwa mapato. Lakini posho ya motokaa ilipwayo kila mwezi kwa kiasi kile kile, safari ziwepo au zisiwepo, hutozwa kodi pamoja na mshahara. Yafaa basi mfanyakazi amwombe mwajiri wake alipe kwa hesabu ya safari.

Tena yafaa wenye biashara ndogo waangalie jambo moja. Alipaye kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 imekuwa asilimia 3, hutozwa juu ya mauzo yote, wala haondoi gharama yo yote, iwe ya motokaa au ya kitu kingine.

Haki hii yapotea upesi kwa kukosa daftari. Fundi asiyeandika safari zake hawezi kuonyesha kwamba kilometa 12,000 zilikuwa za kazi, ijapokuwa asema kweli tupu. Na aweke daftari dogo ndani ya motokaa, aandike tarehe, mahali alikotoka, mahali alikokwenda, sababu ya safari, na kilometa zilizosomwa kabla na baada yake. Na atunze hati za ununuzi, kwa maana tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa kawaida, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi. Sheria ya mwaka 2015 yataka kumbukumbu hizo zihifadhiwe kwa miaka mitano.

Kuandika mstari mmoja jioni ni kazi ya dakika moja. Mali bila daftari huisha bila habari, na motokaa nayo ni mali. Atakayeanza daftari lake leo hatakuwa na hofu siku ya kuulizwa.