Safari ya Vitabu: Kutoka Uruk hadi Mwamko wa Ulaya



Mada niliyopewa ni pana mno: maendeleo ya ustaarabu wa Magharibi tangu jamii za kale hadi Mwamko wa Ulaya, yaani Renesansi. Atakayejaribu kuyataja yote kwa kikao kimoja ataishia kusoma orodha ya wafalme. Kwa hiyo nimeamua kufuata kitu kimoja tu, nacho ni kitabu: nani alikiandika, nani alikinakili, nani alikitafsiri, na nani alitoa fedha. Hoja yangu ni kwamba ustaarabu huu haukutoka Athens kwenda Florence kama shamba linavyorithiwa ndani ya ukoo mmoja. Ulipita mikononi mwa watu wa dini, lugha na mabara mbalimbali. Tukiwafundisha wanafunzi Ugiriki, kisha Roma, kisha giza la miaka elfu moja, halafu nuru ya ghafla huko Italia, tunakuwa tumewaficha kiini cha habari yenyewe.

Uandishi haukuanza na mashairi wala sala. Mnamo mwaka 3300 KK, katika mji wa Uruk, kusini mwa Iraq ya leo, makarani walichora alama kwenye vibao vya udongo mbichi ili kuweka hesabu za shayiri, kondoo na posho ya pombe. Ilichukua karne nyingi kabla alama hizo hazijatumika kuandika hadithi na sheria, kama zile za Hammurabi wa Babeli. Wamisri walileta mafunjo, mepesi kuliko udongo na rahisi kusafirisha. Wafoinike, wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni, wakapunguza mamia ya alama hadi herufi 22, zote konsonanti. Karibu na karne ya 8 KK Wagiriki walizichukua herufi hizo wakaongeza irabu. Kusoma kukaacha kuwa siri ya makarani waliosomea kazi hiyo tangu utotoni.

Kuhusu Athens nitasema machache, kwa sababu vitabu vya kiada vimeisema sana. Mageuzi ya Cleisthenes ya mwaka 508 KK yaliwapa wananchi wa kiume sauti katika baraza. Wanawake, watumwa na wageni waliachwa nje. Aristotle mwenyewe, mzaliwa wa Stagira, aliishi Athens kama mgeni asiye na haki ya kumiliki ardhi. Wanafunzi wetu waijue habari hiyo kabla hawajaisifu demokrasia ile.

Kituo kilichofuata cha elimu ya Kigiriki kilikuwa katika ardhi ya Afrika. Alexandria, mji ulioanzishwa mwaka 331 KK, ulipata maktaba kubwa kwa fedha za wafalme wa ukoo wa Ptolemy. Msimamizi wake mmoja, Eratosthenes, alizaliwa Cyrene, Libya ya leo. Alijua kwamba huko Syene, yaani Aswan, jua la mchana wa katikati ya kiangazi husimama wima kabisa, ilhali Alexandria siku hiyohiyo saa hiyohiyo vitu hutoa kivuli. Alipima pembe ya kivuli hicho akaona ni sehemu moja ya hamsini ya duara. Alizidisha umbali kati ya miji hiyo miwili mara hamsini, akapata mzingo wa dunia nzima. Mjini humohumo, karibu mwaka 150 BK, mwanafalaki Ptolemy, ambaye hakuwa wa ukoo ule wa kifalme, aliandika kitabu kikubwa cha mwendo wa nyota ambacho baadaye kilijulikana kama Almagest. Naomba tukikumbuke kitabu hiki.

Roma ilitoa sheria, barabara na lugha ya Kilatini. Lakini Waroma walifanya uzembe ambao Ulaya ya magharibi iliulipia kwa karne nyingi: sehemu kubwa ya sayansi ya Kigiriki hawakuitafsiri, kwa kuwa wasomi wao walijua Kigiriki. Dola ya magharibi ilipoanguka mwaka 476 na ujuzi wa lugha hiyo ukafifia, vitabu vile vilibaki bila wasomaji. Boethius aliliona tatizo hilo mapema. Alikusudia kutafsiri kwa Kilatini kazi zote za Plato na Aristotle, ila aliuawa miaka ya 520 kwa tuhuma za uhaini, akiwa amemaliza sehemu ndogo tu, hasa mantiki. Kwa takriban miaka 600 Aristotle wa magharibi alikuwa huyo wa mantiki peke yake.

Watawa walinakili walichoweza. Kitabu kiliandikwa juu ya ngozi, na Biblia moja kubwa ilihitaji mamia ya wanyama, hivyo kila nakala ilikuwa uamuzi wa nini kiishi na nini kife. Sophocles aliandika tamthilia zaidi ya 100. Zimetufikia 7 kamili. Kazi za Archimedes zilizonakiliwa Constantinople katika karne ya 10 zilikwanguliwa katika karne ya 13 ili ngozi ile iandikwe sala, na wataalamu wakaja kusoma maandishi ya chini mwaka 1906. Simlaumu padri aliyefanya hivyo. Alihitaji kitabu cha sala, na ngozi ilikuwa ghali.

Constantinople, mji mkuu wa dola ya Roma ya mashariki, haikuanguka mwaka 476. Ilidumu hadi 1453, ikizungumza na kuandika Kigiriki. Wasomaji wa fasihi yetu wanamfahamu mtawala wake mmoja, Heraclius, kwa jina la Herekali katika Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa hati kongwe za Kiswahili zilizopo.

Sasa nifike Baghdad, ambako ningependa tukae zaidi. Khalifa al-Mansur aliujenga mji huo mwaka 762. Katika karne iliyofuata makhalifa, mawaziri na matajiri walilipia tafsiri kutoka Kigiriki na Kisuriani kwenda Kiarabu. Mkuu wa watafsiri wale alikuwa Hunayn ibn Ishaq, Mkristo kutoka Hira. Ameacha waraka unaoeleza alivyofanya kazi na vitabu vya tabibu Galen. Kabla ya kutafsiri alikusanya nakala kadhaa za Kigiriki, akazilinganisha, akasahihisha. Kitabu kimoja alikisaka Iraq, Syria, Palestina na Misri hadi Alexandria, akaambulia karibu nusu yake tu huko Damascus. Kazi hizi zilienea upesi kwa sababu kulikuwa na karatasi, iliyotoka China na kuanza kutengenezwa Baghdad kabla ya mwaka 800.

Wapo wanaosema Waarabu walikuwa watunza ghala tu. Kauli hiyo haina ukweli. Al-Khwarizmi aliipanga aljebra kuwa elimu inayojitegemea na kueleza tarakimu za Kihindi. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Cairo, alikanusha nadharia ya kale kwamba jicho hutoa miale, akaonyesha kwamba mwanga ndio unaoingia jichoni. Kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilifundishwa vyuoni Ulaya hadi karne ya 17.

Mlango wa kuingilia Ulaya ulikuwa Hispania na Sicilia. Mfalme Alfonso wa Sita alipoitwaa Toledo mwaka 1085, maktaba za Kiarabu zilibaki mjini. Gerard wa Cremona alisafiri kutoka Italia akiitafuta Almagest. Aliipata Toledo, akajifunza Kiarabu, akabaki huko hadi kifo chake mwaka 1187, akiwa ametafsiri vitabu zaidi ya 70. Wengine walifanya kazi wawiliwawili: Myahudi akisoma Kiarabu na kukitamka kwa lugha ya wenyeji, kasisi akiandika kwa Kilatini. Mwaka 1202 Fibonacci, aliyesomea hesabu Bugia, katika Algeria ya leo, alitoa kitabu chake cha tarakimu mpya. Wenye benki wa Florence walikatazwa na chama chao kuzitumia mwaka 1299. Paris nayo ilipiga marufuku mafunzo ya vitabu vya Aristotle vya maumbile mwaka 1210, lakini kufikia 1255 vilikuwa vya lazima. Katika mabishano ya vyuo vya Ulaya mwanateolojia Thomas Aquinas alimsoma Aristotle huku akibishana na Ibn Rushd wa Cordoba, mfafanuzi wa Aristotle.

Je, Mwamko haukuwa na jipya? Ulikuwa nalo, na tusizidishe hoja kwa upande wa pili. Miji ya Italia ilikuwa na fedha za biashara na benki. Sarafu ya dhahabu ya Florence, iliyoanza mwaka 1252, ilitegemea kwa sehemu kubwa dhahabu ya Afrika Magharibi iliyovuka Sahara. Petrarch alikuwa na kitabu cha Homer kwa Kigiriki lakini hakuweza kukisoma. Baada ya Manuel Chrysoloras kutoka Constantinople kuanza kufundisha Florence mwaka 1397, kizazi kilichofuata kikaweza. Cosimo de' Medici, tajiri wa benki, alimlipa Marsilio Ficino amtafsiri Plato. Kisha Gutenberg, huko Mainz, alikamilisha Biblia yake karibu mwaka 1455, na kati ya 1495 na 1498 Aldus Manutius wa Venice akachapa kazi za Aristotle kwa Kigiriki. Ulinzi wa kitabu ukaacha kutegemea nakala moja iliyosazwa na moto au panya.

Pendekezo langu kwa semina hii ni kwamba somo la Mwamko lianzie Toledo badala ya Florence, na kila darasa lipewe kitabu kimoja likifuate kwenye ramani. Almagest inafaa kuliko vyote. Iliandikwa Alexandria kwa Kigiriki, ikatafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad katika karne ya 9, ikageuzwa Kilatini Toledo, na tafsiri hiyohiyo ya Gerard ikachapwa Venice mwaka 1515. Nicolaus Copernicus aliisoma falaki ya Ptolemy kwa miaka mingi, na mwaka 1543 akachapisha kitabu kilichofuata mpangilio wa Almagest, kikieleza kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua.