Kunyimwa Si Mwisho wa Madai

Ndugu wananchi na waumini wa Lunga Lunga, kumbukumbu za polisi ni amana ya umma. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kimempa kila raia haki ya kuzipata, na sheria ya 2016 imeonyesha njia. Ombeni kwa maandishi, hata kwa Kiswahili, na mtunze nakala. Siku 21 zikipita kimya, hesabuni mmekataliwa. Lakini pale uhai au uhuru wa mtu umo hatarini, jibu ladaiwa kwa saa 48. Wakisingizia usalama wa taifa, kateni rufaa ndani ya siku 30 mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman. Mzazi anayemtafuta mwanawe aliyekamatwa asirudishwe langoni kwa neno tupu.